Kenge Aliyenichagulia Chungu

Wewe unayesoma, hebu nikuulize: kwenu ni nani anayeamua mtoto ale kwenye chungu gani? Baba? Mama? Mimi niliamuliwa na kenge. Usicheke bado. Cheka nikimaliza, kama utakuwa umeelewa, maana mimi mwenye kisa mpaka leo sijaelewa.

Nilipokuwa mtoto, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuzoeleka Handeni kiasi kwamba watu waliwatania nyuma ya migongo yao, lakini reli yao ilikuwa bado inatambaa kuja Korogwe. Mimi nilikaa Kwedizinga kwa bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walikaa Korogwe karibu na mto, na baba alikuwa kibarua wa kubeba mataruma ya reli. Sikukaa kwa bibi kwa sababu ya mapenzi, ingawa mapenzi yalikuwepo. Nilikaa kwa sababu ya meno. Yaliniota ya juu kwanza.

Msomaji wa Kizigua au wa Kishambaa hapo ameshajishika mdomo. Kwa asiye wa huku: mtoto wa namna hiyo huitwa kigego. Walisema kigego akiachwa nyumbani, kila jino linaloota linamla mtu mmoja wa ukoo. Zamani vigego hawakuishi hata wakaandika habari zao. Mimi naandika, basi mshukuru bibi, au mlaumu, kutegemea utakavyoniona tukifika mwisho. Siku jino liliponichomoza, alikuwa Korogwe kumsaidia mama kulea. Alinifunga mgongoni, akatoka nami bila kuaga.

Wazee wa ukoo walimfuata hadi Kwedizinga, baba mkubwa akiwa mbele. Haya nilisimuliwa, tena mara nyingi, kwa hiyo nayajua kama niliyeyaona.

"Kosa la mtoto huyu ni meno?" bibi aliwauliza.

"Ni meno, mama."

"Kenge anatoka kwenye yai na meno yote, ya juu na ya chini, siku moja. Mbona hamjamkalia kikao?"

"Kenge si mtu."

"Vizuri. Nitamlea kenge pamoja na mtu. Siku kenge atakapokula kwenye mkono wa baba wa mtoto huyu bila kuuma, mtoto naye atakula kwenye chungu cha baba yake. Kenge atatuonyesha chungu cha mtoto."

Wakakubali. Nadhani walikubali kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kumwona kenge asiyeuma. Bibi akasema bismillahi, kisha akatema mate kidogo kwa ajili ya mizimu. Yeye hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Siku hizi wenye elimu tunauona, na haujatusaidia kitu.

Nilipopata akili ya kutumwa maji, bibi alinipeleka kwenye kichuguu kilichopasuka baada ya mvua. Kenge hutaga humo, mchwa wakamlindia. Tulimtoa kinda urefu wa kiganja cha bibi, mweusi mwenye madoa ya njano, macho kama ya mtu aliyeamshwa bila sababu.

"Mwite Somo," bibi aliniambia. "Jina lako ni lake. Aibu yake ni yako."

Mkono wangu ulikuwa bado unamstaajabia pale aliponing'ata kidole gumba. Akang'ang'ania. Huku watu husema kenge akiuma haachii mpaka radi ipige. Nilitazama juu. Mbingu ilikuwa safi, hakuna hata uzi wa wingu. Nililia kilio cha mtu ambaye amepewa mkopo wa maumivu mpaka masika ijayo. Bibi alifungua fundo la kanga yake, akatoa ugoro, akaupaka Somo puani. Kenge akapiga chafya, akaachia.

"Radi ndiyo hiyo," bibi alisema, akanusa uliobaki.

Basi tukaanza kazi ya kumzoesha. Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua kipande cha kaniki nilichokuwa nalalia, akakitandika ndani ya kizimba cha fito. Ajue jasho langu kabla ya uso wangu, alisema. Kisha akanikalisha kando ya kizimba, nisiguse, nisiite, nikae tu mpaka mnyama achoke kuniogopa. Je, mtoto wa siku hizi angeweza? Mimi mwenyewe sijui niliwezaje. Somo alijaza koo hewa, akafoka kama chungu kinachochemkia motoni, akachapa mkia. Mimi nikakaa. Siku zikaenda, kufoka kukapungua, mkia ukatulia, ulimi wake wenye ncha mbili ukaanza kutoka kuniuliza habari.

"Mkono usitoke juu," bibi alinionya. "Juu anatoka kipanga. Njoo chini, kwa ubavu, kama mtu anayeomba. Na ukiogopa usimnyooshee kitu. Woga una harufu."

Asubuhi nilimtoa juani, nikamweka juu ya jiwe, maana kenge mwenye baridi ana hasira kama karani asiye na kazi. Nilimlisha konokono, panzi na vyura, na nilipopata bahati, yai la kanga. Kwanza niliweka chakula juu ya jani, nikasogea mbali. Kisha jani likawa karibu na goti langu. Kisha jani likawa juu ya kiganja. Siku niliyoondoa jani, akala kwenye ngozi tupu ya mkono wangu taratibu, meno yake yakinigusa bila kukaza, nilikimbia kumwambia bibi. Nilimkuta anatwanga. Hakuacha kutwanga, lakini mlio wa mchi uligeuka kidogo, ukawa kama wa ngoma.

Alipojivua ngozi, ile iliyogoma kwenye vidole niliilowesha kwa kitambaa cha maji vuguvugu mpaka ikalegea. Nilimshika mguu kama mama anavyomshika mtoto akimkata kucha. Na mimi sikuwa nimeshikwa hivyo na mama yangu. Nalisema hili bila kuomba machozi ya mtu. Machozi hayaandikishi kazi.

Watoto wa kijiji walitupa wimbo, "Kigego kafuga kigego!", na waliuimba vizuri, siwezi kuwanyima sifa. Jirani yetu, mjane aliyefuga kuku, alifika siku moja mikono kiunoni.

"Bibi, shikamoo. Huyo mjukuu wako mwenye mkia amenimalizia vifaranga."

"Marahaba. Mjukuu wangu mwenye mkia amefungwa kamba tangu asubuhi. Waulize wajukuu zako wasio na mkia."

Ilikuwa kweli. Vifaranga vilikuwa vimechomwa na kuliwa kichakani na waimbaji wetu. Jirani aliona haya, na ndiye aliyekuwa mtu wa tatu kumgusa Somo. Hapo ndipo wazo liliponiingia. Baba alikuwa mtu mgeni kwangu, kwa Somo mgeni zaidi. Kama nilitaka Somo ale kwenye mkono wa mgeni, ilibidi azoee wageni. Nikaanza kumtembeza. Mfugaji wa Kimasai aliyekuwa akivusha ng'ombe alicheka mpaka akaketi, kisha akamdondoshea tone la maziwa. Mchuuzi wa chumvi alimkuna kidevu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikataa kumgusa, akamnyooshea ncha ya bakora ainuse, akasema bakora itaoshwa. Somo, ambaye sasa alikuwa mrefu kuuzidi mkono wangu, alinikalia begani akitazama watu kama jumbe anayekagua mashamba.

Bibi hakupenda. "Mzoeshe watu wetu, si kila mkono. Mnyama asiyemwogopa yeyote hana mlinzi. Siku moja atafuata mkono usio wetu."

Sikumwelewa. Mtu ambaye maisha yake yote ni kuogopwa anaelewaje kwamba woga ni ulinzi?

Siku moja, jua likiwa halijawa kali sana, tukafunga safari ya Korogwe. Wazee walikuwa wameitwa kwa baba kushuhudia sharti. Tulilala njiani kwa jamaa, na kila tulipopita watu walitoka kutazama mtoto aliyevaa kenge. Karibu na kambi ya reli ilikuwepo hema ya Mzungu mmoja ambaye hakujenga reli wala kutoza kodi. Kazi yake ilikuwa kukusanya wadudu na wanyama, na kuwatia katika chupa za maji makali yasiyowaacha waoze. Vibarua walimwita Bwana Chupa. Alikuwa nje ya hema yake, akatuona tukipita. Alisimama tu, akaondoa kofia, kana kwamba tulikuwa jeneza.

Uwanja wa baba ulikuwa umefagiwa. Wazee walikaa mkekani. Mama alisimama mlangoni, hakuruhusiwa kunikaribia kabla ya jambo kuisha. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona kwa akili za kumtambua. Alinisalimu kwa Kishambaa, "Onga mshi, mwanangu," nami nikamkaza Somo begani badala ya kuitikia. Nyuma yake chungu kilikuwa jikoni, na pembeni bakuli jipya la udongo limefunikwa. Harufu ya kunde ilinifikia. Nilijua bakuli ni la nani. Kila mtu pale alijua.

Nilimweka Somo chini. Baba alisimama na yai mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyochubuliwa na mataruma. Hakuinama. Aliunyoosha mkono kutoka juu, mbali na mwili wake, kama mtu anayemwagia moto maji.

Kutoka juu.

"Tate," nilimwambia baba, "shuka chini. Njoo kwa ubavu."

"Kimya!" Baba mkubwa aligeuka. "Kigego anamfundisha baba yake kunyoosha mkono?"

Somo alijaza koo. Alifoka mfoko ambao sikuwa nimeusikia tangu akiwa kinda. Hakuuma, narudia, hakuuma, lakini alirudi nyuma, yai likadondoka likapasuka. Wazee wakavuta pumzi. Bibi alianza kusema, "Mpeni nafasi, mpeni mara nyingine," na hapo ndipo uzio ulipofunguka, akaingia Bwana Chupa na askari wake. Alikuwa ametufuata.

Watu wote wakasimama. Yeye hakuwatazama. Alimwona Somo, akachuchumaa, akaupitisha mkono chini chini kwa ubavu, na kipande cha nyama kavu juu ya kiganja. Sijui nani alimfundisha. Labda na yeye alikuwa na bibi.

Somo alitoa ulimi, akauliza. Kisha akatembea, mwendo wake ule wa mtu mwenye shamba, akampita baba yangu, akampita bibi, akala kwenye mkono wa Mzungu. Taratibu. Bila kukaza meno. Kama nilivyomfundisha.

"Braver Kerl," alisema Bwana Chupa. "Ganz zahm!" Maneno hayo nilikuja kuyaelewa miaka baadaye, darasani: kijana mwema, amefugika kabisa. Sauti yake ilikuwa ya upole kweli. Hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo. Alimkuna Somo shingo, akamwinua kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akamtia katika gunia. Somo hakupigana. Kwa nini apigane? Nilikuwa nimemhakikishia kwamba mikono ya watu ni salama.

Nilipiga kelele. Askari aliniweka mkono kifuani, akasema kwa Kiswahili, "Bwana ameshukuru." Wakaondoka.

Sasa sikiliza kikao kilichofuata, maana sijawahi kusikia cha namna ile, hata katika mahakama za boma.

"Kenge hakuuma," bibi alianza. "Mtoto ameshinda. Mama yake, funua bakuli."

"Ngoja," baba mkubwa alisema. "Kenge hakula kwa baba. Sharti halikutimia."

"Alikuwa hajamaliza!"

"Alimaliza, mama. Amekula. Tumeona sote. Ulituambia mwenyewe kenge atatuonyesha chungu cha mtoto. Ametuonyesha. Chungu cha mtoto huyu ni cha Wazungu."

Mzee mmoja alisema basi mkosi wa meno umeondoka na Mzungu ndani ya gunia, mtoto ni safi. Mwingine akasema hapana, mkosi umebaki, kilichoondoka ni bahati. Wa tatu akasema vyote viwili vimeondoka na aliyebaki ni mtoto mtupu. Walibishana wakinizunguka kana kwamba mimi ndimi yai lililopasuka. Bibi alilia kwa hasira, akasema yeye aliweka sharti kwa ajili ya mkono wa baba, si wa mpita njia. Lakini sharti likishatoka kinywani halirudi kuomba ruhusa kwa aliyelitamka.

Mwishowe baba alizungumza, kwa sauti ndogo. "Jumbe anatafuta watoto wa shule ya serikali, na watu wanawaficha wa kwao. Nitampeleka huyu."

Unakumbuka siku zile? Watu waliwaficha watoto wao ghalani, wakawapeleka kwa wajomba milimani, wakasema wamekufa, ili wasichukuliwe kwenda Schule. Mimi nilitolewa mbele za watu, kwa furaha, kama deni linalopata mlipaji. Jumbe alimshukuru baba. Wazee wakalala usingizi. Mama aliliinua lile bakuli, halijafunuliwa, akalipandisha darini. Hakulia mbele yao. Ni mgongo wake tu ulioonekana kama umepungua.

Nikaenda pwani. Nikafundishwa kusimama wima, kusema jawohl, yaani ndiyo bwana, kuandika kwa herufi zile za Kijerumani za miiba, kupiga hesabu za magunia. Sikupigwa sana, kwa sababu niliingia nikiwa nimeshajua kukaa kimya karibu na kitu kinachoogopesha mpaka kichoke. Siku moja mwalimu alitundika picha ukutani. "Der Waran," alisema, "lässt sich nicht zähmen." Kenge hafugiki. Nilitazama picha. Sikunyoosha mkono. Kengele ya chakula ilikuwa karibu, na mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza kula kwenye kiganja kilichonyooshwa.

Haya, nimehitimu. Zeugnis, yaani cheti, ninayo, ina muhuri wa tai mwenye kucha. Nimekwenda boma Handeni wakasema makarani wametosha, morgen. Nimekwenda stesheni Korogwe: morgen. Akida ameleta shemeji yake kutoka pwani, hajui hata kuandika jina lake bila ulimi kutoka nje, amekaa kwenye kiti. Mimi nimeambiwa kesho. Mtu hawezi kula kesho, hata akiitamka kwa Kijerumani.

Nikarudi kwa baba. Sasa mabega yamemwinama, amekuwa mpole. Aliniamkia kama mgeni, akaniwekea kiti, akamwomba mama atume watu wanunue mkate. Kwa ajili yangu! Mkate! Nikamwambia, "Tate, nataka kunde." Akatazama chini. "Mwanangu, wewe ni wa boma," alisema. "Kenge alikwisha kuamua." Nilitaka kumcheka, kumwambia tumesoma, hayo ni mambo ya giza, unsinn. Lakini kama ni upuuzi, ni nani aliyenipeleka shule? Kila herufi ninayoandika hapa imetoka kwenye mdomo wa kenge yule. Na kama si upuuzi, mbona chungu alichonichagulia ni kitupu? Nikigeukia kwa bibi, bibi yuko kaburini Kwedizinga. Nilikwenda huko, nikakaa juu ya jiwe la Somo, jua likanipata, nikangoja kuelewa. Sikuelewa. Najua kitu kimoja tu, nacho si cha shule: mwenye kumzoesha kiumbe mkono wake hana haki ya kuuficha mkono huo kiumbe akishasahau kuwinda.

Kwa hiyo nasema na nyinyi wawili. Nyinyi wa boma, ambao mlinichuchumalia kwa upole mkasema kijana mwema. Nanyi wazee wa ukoo, mliolaza vichwa vyenu siku ile mkaona jambo limekwisha. Halijakwisha. Tandikeni mkeka mmoja, mkae pamoja, Bwana mkubwa na baba mkubwa, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni, mnitajie chungu changu. Bakuli langu bado liko darini kwa mama, jipya, halijaonja kunde. Ama lishusheni mlijaze, ama mniambie kwa maneno, si kwa kesho. Na kama wote mtasema si wenu, basi leteni lile gunia hapa uwanjani, mlifungue mbele yangu, mnirudishie kenge wangu.